Huyu ni Dada

Midoli niliinunua miwili kwa mpigo, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa kijana aliyekuwa ameitandaza juu ya turubai pamoja na soksi na chaja za simu. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka sita. Wa kwanza alikuwa mweupe, nywele za njano hadi kiunoni, gauni la waridi, viatu vya kisigino. Nilishamlipia nilipomwona wa pili amefukiwa chini ya rundo: mweusi, nywele fupi, gauni lilelile. Nikaongeza hela. Njia nzima kwenye daladala nilikuwa na raha moyoni. Nilijiambia huyu mweusi ndiye atakayependwa, maana amefanana na mwenye mali.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani naanua nguo, binti yangu yuko barazani kwenye mkeka, mji wake ameshaujenga. Vifuniko vya soda vilikuwa sahani. Kopo la maziwa ya unga, lililojazwa maji, lilikuwa karo. Yule mweupe alikalishwa juu ya tofali lililotandikwa kitambaa, miguu inaning'inia, njiti ya kiberiti mkononi ikiwa simu. Yule mweusi alikuwa ameinamishwa kwenye kopo, mikono yote miwili ndani ya maji. Gauni lake la waridi lilikuwa limevuliwa, na kiunoni alikuwa amefungwa kipande cha tambara la deki.

"Wanaitwa nani?" nikauliza.

"Huyu Madamu. Huyu ni dada."

Nikafurahi. Nikaona mtoto ameelewa yale niliyoyataka bila kuambiwa, kwamba hawa ni ndugu, mtu na dada yake. Nikaendelea kukunja shuka, nikamuuliza, "Dada yake mkubwa au mdogo?"

Akaniangalia kama watoto wanavyomwangalia mtu mzima anayechelewa kuelewa. "Siyo dada yake, mama. Dada. Dada wa kazi. Anaosha vyombo, halafu atadeki."

Dada wetu alikuwa jikoni, dirisha limefunguka juu ya ile baraza, anaosha vyombo vya asubuhi. Nilisikia sahani zikigongana, halafu zikanyamaza, halafu zikaendelea.

Makala hii naiandika kwa sababu ya pale sahani ziliponyamaza.

Mtu atasema mtoto ameiga anachokiona, ni hivyo tu. Ni kweli ameiga, na sehemu hiyo inaniuma kwa namna yake, nitaifikia. Lakini kuiga hakumalizi habari. Nyumbani kwetu anayeitwa madamu ni mimi, na mimi ni mweusi kuliko dada. Baba yake mweusi. Mwalimu wake mweusi, nesi anayemchoma sindano mweusi, mjumbe wa nyumba kumi mweusi. Angekuwa anaiga nyumba na mtaa peke yake, midoli ile ingeweza kubadilishana nafasi bila shida, leo huyu kesho yule. Yeye hakusita. Aliiweka rangi kila moja mahali pake kama mtu anayepanga viatu mlangoni.

Kuna jaribio la zamani la midoli ambalo walimu wa saikolojia hulisimulia kila mwaka, nami nililisikia chuoni nikiwa nusu nimesinzia. Safari hii nililitafuta nikalisoma vizuri. Miaka ya 1940 huko Marekani, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, walikaa na watoto weusi 253 wa kati ya miaka 3 na 7. Kazi hiyo ilichipuka kwenye utafiti ambao Mamie aliufanya akisoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Howard. Kila mtoto aliwekewa midoli minne iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: miwili ya kahawia yenye nywele nyeusi, miwili myeupe yenye nywele za njano. Halafu maombi, moja baada ya jingine. Nipe mdoli unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Na mwishoni, nipe anayefanana na wewe. Watoto 67 katika kila 100 walichagua mweupe wa kucheza naye. Watoto 59 katika kila 100 walisema anayeonekana mbaya ni wa kahawia. Walipofika kwenye lile ombi la mwisho, wapo walioanza kulia.

Kilichonishika ni jambo dogo ambalo chuoni sikulisikia. Midoli ile ilivalishwa nepi tu. Haikuwa na gauni wala kiatu, haikuwa na jina, nyumba, kazi wala mchumba. Clark na mkewe hawakuwasimulia watoto chochote. Hadithi yote, nani mzuri na nani mbaya, watoto walikuja nayo wenyewe kutoka nyumbani na barabarani, wakaimimina juu ya midoli iliyokuwa kimya. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi kwenye shule za umma, andiko la Kenneth Clark lilikuwa miongoni mwa kazi zilizotajwa kwenye hukumu.

Sasa, binti yangu hakuzaliwa Arkansas, kusini mwa Marekani, mwaka 1940. Hakuna sheria iliyomwambia akae wapi. Kwa hiyo nilijiuliza yeye hadithi yake aliiokota wapi, na nilipoanza kusikiliza sikuhitaji kwenda mbali. Mtoto akizaliwa ukoo mzima unauliza: kachukua rangi ya nani? Akiwa maji ya kunde watu wanapumua. Shangazi mmoja, mtu mwema, anayetuletea maembe kila msimu, huwa anamwambia binti yangu asicheze juani "utazidi kuwa mweusi nani akuoe". Na sifa kubwa kuliko zote tunayompa mtoto mchanga mzuri ni ipi? "Jamani, kama mdoli!" Nimeisema mwenyewe mara ngapi, kwenye arobaini ngapi. Anayesema hivyo hana haja ya kutaja ni mdoli yupi. Kila mtu chumbani ameshamwona, nywele za njano na yote.

Kwa hiyo mdoli wangu mweusi nilimwingiza kwenye nyumba ambayo hadithi yake ilishaandikwa. Nilinunua mwili, nikadhani nimenunua na maana yake.

Kiswahili nacho kina hadithi yake kuhusu mdoli. Mtaani tunasema mdoli, lakini jina la vitabuni ni mwanasesere, na wengine husema mtoto wa bandia. Mwana. Mtoto. Ukimkabidhi msichana kitu chenye jina hilo umeshamfanya mama kabla hajafungua kinywa. Kwa watu wa upande wa mama yangu, Wazaramo, na kwa majirani zao Wakwere na Wadoe, jambo hili halikufichwa. Kulikuwa na mwana hiti: kisanamu cha mti cha kushika mkononi, kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, matiti madogo, kitovu, na kichwani nywele zilizochongwa kwa kusimama, zimegawanywa mapande mawili. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na mwana hiti akawa wake wa kutunza. Siku hizi mwana hiti wengi wamo kwenye makabati ya vioo ya makumbusho huko Ulaya na Marekani, wamesimamishwa kwenye vyuma vidogo. Umbo lake utaliona pia kwenye fimbo za wakubwa, kwenye vigoda, hata kwenye nguzo za makaburi.

Bibi yangu mzaa mama alichezwa unyago Maneromango, enzi za Mwingereza. Aliniambia alikaa ndani masika mawili. Shule ilimpita hapo, na aliisema habari hiyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja mvua. Lakini alipofika kwa mwana hiti sauti yake ilibadilika. Alinionyesha kwa mikono mitupu jinsi alivyokuwa akimshika: kiganja cha kushoto nyuma ya shingo, cha kulia kikipaka mafuta ya nyonyo kuanzia kichwani kushuka. Alikatazwa kumlaza kwenye ardhi tupu. Akimpaka mafuta haraka haraka, kungwi alimrudisha aanze upya. Kila tendo lilikuwa na maneno yake, na maneno yalikuwa na wimbo, na wimbo ulikuwa na maana ya ndani ambayo hakunipa, kwa kuwa sikuchezwa.

"Yule hakuwa mdoli," aliniambia. "Mdoli unaachiwa ukacheze. Mimi na mwanangu hatukuachwa peke yetu hata siku moja."

Nimekuja kuyaelewa maneno hayo nikiwa na miaka thelathini na nane. Zamani niliyasikia kama malalamiko, mtu aliyebanwa. Siku hizi nasikia na kitu kingine ndani yake. Mwana hiti alikuja na watu. Mwanamke mzima aliketi ubavuni mwa msichana, siku baada ya siku, akimweleza kitu hiki alichoshika ni nini na yeye anayekishika ni nani. Mimi kwenye ile daladala nilikuwa na mfuko wa nailoni.

Lakini sitaipamba. Mdogo wake bibi hakujaliwa mtoto. Alichezwa kama dada yake, alimpaka mafuta mwana wake kama dada yake, na waume wawili walimwacha. Alipofariki, siku ya arobaini, tulifungua kasha lake kugawa vitu. Chini kabisa, chini ya doti za kanga ambazo hazijawahi kukatwa, tukamkuta mwana hiti amefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mbao yake ilikuwa inang'aa mafuta. Bado alikuwa akipakwa. Yule mama alikuwa na miaka sabini na kitu, naye alikuwa bado anamhudumia mtoto aliyeambiwa atamjia. Bibi alimchukua, akampakata, akakaa naye kwenye kona mpaka jua likazama na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Hadithi ya mwana hiti ilikuwa na heshima na ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Ambaye mlango ule haukumfungukia, hakuandaliwa mwingine.

Huwa namfikiria mama yule ninaposoma habari za Barbie, ingawa najua wako mbali. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, alikuwa akimwangalia binti yake Barbara akicheza na midoli ya karatasi. Barbara hakuifanya watoto wake. Aliipa maisha ya watu wazima. Madukani wakati huo wasichana waliuziwa zaidi midoli ya vichanga, ya kubeba na kunyonyesha. Mwaka 1959 Handler akamtoa Barbie, mdoli ambaye ni mwanamke, na hapo mchezo ukageuka: msichana hampakati huyu, msichana ndiye huyu. Kwa mtu aliyemjua mdogo wake bibi, hilo si jambo la kubeza. Ni mlango wa pili. Tatizo ni nani aliyeruhusiwa kuupita. Mwaka 1968 kampuni ilitoa mdoli mweusi aliyeitwa Christie, na cheo chake kilikuwa rafiki wa Barbie. Ilipita miaka 12, mpaka 1980, mbunifu mweusi aitwaye Kitty Black Perkins alipomtengeneza mdoli mweusi aliyepewa jina la Barbie mwenyewe. Kabla ya hapo, msichana mweusi aliyetaka kuwa yule mwenye nyumba na gari alipewa wa kuwa rafiki yake.

Rafiki. Dada. Haya majina mazuri yanaweza kubeba mzigo mbaya.

Binamu yangu anayeishi Ohio nilimsimulia yote haya kwa simu, na yeye ndiye aliyenielekeza kwa Addy. Huko kwao kuna midoli iitwayo American Girl, iliyoanza kuuzwa 1986, ambayo kila mmoja ni msichana wa zama fulani za historia ya Marekani na anakuja na vitabu vyake vya hadithi. Wanne wa kwanza walikuwa weupe wote. Wa tano, mwaka 1993, alikuwa Addy Walker, msichana mweusi wa miaka tisa, mtumwa kwenye shamba huko North Carolina mwaka 1864. Hadithi zake ziliandikwa na Connie Porter, naye ni mwanamke mweusi. Baba yake Addy na kaka yake wanauzwa. Yeye na mama yake wanatoroka usiku, na mdogo wake mchanga, Esther, wanamwacha nyuma, kwa sababu akilia njiani watakamatwa wote.

Binamu alimnunulia bintiye, halafu akajuta, halafu akaacha kujuta. Alivyoniambia, kilichomuudhi ni kwamba mzungu wa kwenye kabati la dukani ana tafrija na farasi, wetu ana mjeledi. Wazazi wengi weusi walilalamika hivyohivyo alipotolewa, na nawaelewa: kwa nini wa kwanza wetu awe mtumwa? Lakini bintiye, alisema, hakucheza utumwa. Alicheza kumtafuta Esther. Mwezi mzima nyumba ile ilikuwa na mtoto aliyepotea, nyuma ya sofa, ndani ya mashine ya kufulia, na Addy akimtafuta kwa tochi.

Nikalala nikilifikiria hilo. Mdoli yule alikuja na huzuni kubwa kuliko umri wa mtoto, lakini alikuja pia na swali, na mtoto akashika swali.

Kosa langu la kwanza baada ya ile Jumamosi lilikuwa kutoa amri. Nilimwambia binti yangu kuanzia leo huyu mweusi ndiye Madamu. Akakubali, mtoto mtiifu, akampandisha kwenye tofali. Nilipoingia ndani na kurudi, alikuwa tena kwenye kopo. Nikambadilisha tena, akaanza kulia, akasema naharibu mchezo. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nataka abadilishe mdoli ilhali mimi sijabadilisha meza.

Maana hapa ndipo sehemu ile nyingine inapouma. Rangi ameipata mtaani, lakini lile tambara la deki kiunoni amelipata kwangu. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anakula jikoni, kwenye kigoda, baada yetu. Siku zote nimesema anapenda mwenyewe. Binti yangu, tangu atambae, anamwona mtu anayemfulia, anayemwogesha, anayemsuka, akiitwa kwa jina la undugu na kuketi mahali ambapo ndugu haketi. Nilipomwambia dada awe anakula nasi mezani alisita, akakaa siku mbili hana raha, sikumlazimisha. Bado hatujapata namna yetu. Sijamwomba msamaha kwa ile Jumamosi kwa maneno, kwa sababu kila nikipanga sentensi naona itamlazimu anifariji mimi.

Wiki mbili zilizopita nilileta mahindi mabichi. Dada aliyamenya pale barazani, na nilipopita nikamwona ameshika gunzi moja dogo ambalo halikukomaa, ameliachia nywele zake. Kama hujawahi kushika nywele za mahindi mabichi, ni laini, zina unyevu, na ni za njano kabisa. Sisi tulikuwa na midoli ya nywele za njano kijijini kila msimu na haikumpitia mtu akilini kwamba ni wazungu. Tuliwasuka, mabutu mawili, zikikauka zinakuwa kahawia na tunatafuta gunzi jingine.

Dada akasuka. Vidole vyake viliikumbuka kazi. Akachana ganda la mahindi kwa kucha, akalifunga kuwa kanga, akamsimamisha mkekani mbele ya binti yangu.

"Huyu nani?" binti yangu akauliza.

Dada akataja jina. Ni jina la nyumbani kwao, na sikuwahi kulisikia. Baadaye ndipo nilipojua ni la mdogo wake aliyemwacha darasa la pili.

"Anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi. Amekuja kutembea. Ametoka mbali, kapanda basi usiku kucha."

Binti yangu akamtazama yule gunzi. Akamtazama Madamu juu ya tofali, na yule mweusi kwenye kopo. Niliona anahesabu. Mgeni kwetu hasimami, hilo analijua tangu hajajua kuongea, amewaleta wageni viti mara nyingi kwa mikono yake mwenyewe. Akamtoa yule mweusi majini, akamfuta mikono kwa upindo wa gauni lake, akamkabidhi kifuniko cha soda ampelekee mgeni maji. Halafu akageuka, akamshika Madamu kiunoni na kumshusha chini, mgeni apate pa kukaa.